Kifua cha Baba Mkwe

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hunirudia kila mvua za vuli zinapoanza kunguruma nyuma ya vilima vya Heru Juu. Hunijia mchana, nimekaa barazani nachambua maharage, nusu macho nusu usingizini. Mara maharage yale yanakuwa ya siku ile, mvua inakuwa ile, na mimi nakuwa msichana tena mwenye sketi ya bluu ya chuo cha uuguzi na kiuno unachoweza kukizungushia mikono miwili. Wajukuu wangu hukuta vidole vimesimama ndani ya ungo, wakaambiana, "Bibi kashaondoka tena." Waache waseme. Mtu wa umri wangu akinyamaza si lazima awe mgonjwa.

Nilikuwa nimejiwekea mwenyewe siku hiyo. Ila wiki iliyopita walimu wenu waliniita chuoni kwenu, mimi muuguzi mstaafu, nije niwaone mkijifunza kumrudishia mtu pumzi na mapigo ya moyo. Mliulizwa maswali, mkajibu kama mahindi yanayopasuka kwenye chungu. Kifua kishuke kiasi gani, mapigo yaende kasi gani, kichwa kiinuliwe vipi. Weee, niliwapigia makofi hadi viganja vikawasha. Kisha mwalimu akafungua kabati, akamtoa mdoli wenu wa mazoezi, bado amefungwa nailoni, nikamwomba yule binti mrefu wa Manyovu abonyeze. Akapiga magoti vizuri, akaweka mikono mahali penyewe, akabonyeza kama mtu anayejaribu chapati kama imeiva.

"Binti yangu," nikamwambia, "unampapasa huyo."

"Bibi, yupo mmoja tu," akanijibu kwa heshima. "Akiharibika hatuna mwingine."

Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka. Lakini nilirudi nyumbani juu ya bodaboda nikiwa kimya kiasi kwamba dereva aliniuliza kama nimefiwa. Ndiyo maana leo nazungumza. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi niliwasifu mno siku ile bila kuwaambia neno lililokuwa rohoni.

Sisi nasi tulikuwa na mdoli wetu. Tulimwita Bwana Harusi, kwa sababu alikaa ndani amevikwa, akatolewa siku kubwa tu, na kila mtu akamkaribia kwa woga. Mwalimu wetu alikuwa mama mmoja mwema sana, mkali kama pilipili, aliyempenda yule mdoli kuliko alivyotupenda sisi. Mimi nilikuwa mtoto wa kutwanga. Mama yangu aliuza unga wa muhogo, na mabega yangu yalikomalia kwenye kinu. Siku ya kwanza niliyopewa Bwana Harusi, nilimshukia kama ninavyoshukia muhogo mkavu. Mwalimu akapiga kelele, "Skolastika! Hapa si kwenye kinu! Utamvunja huyo!" Wenzangu wakacheka wiki nzima. Basi nikajifunza upole, nikawa mpole kweli, na kwenye mtihani nikasifiwa kwa mikono yenye adabu. Mchelea mwana kulia hulia yeye, lakini nani wa kumwambia mwalimu methali?

Wakati huo nilikuwa nimechumbiwa. Naweza kulisema sasa: nilimpenda Filimoni. Alikuwa anafanya kazi kwenye malori ya Manyovu, mrefu, mwenye kicheko kinachomtangulia mlangoni. Mahari ilikuwa imekubaliwa, na harusi ingefuata nikishamaliza chuo. Nyumbani kwao walikuwa watu wa kushika mila kwelikweli. Kwa ukoo ule, mke wa mwana hamgusi baba mkwe. Hamtaji jina. Hakai alipokaa. Akikutana naye njiani anatoka njiani, anachuchumaa kwenye majani, anapiga makofi taratibu ya salamu, "Mwakeye, mwakeye," macho chini, mpaka mzee apite. Na mchumba aliyekwisha kupokelewa ni kama mke tayari. Mke aliyemgusa baba mkwe si mke tena katika nyumba ile, na hilo niliambiwa mapema na shangazi yangu, akanishika sikio kabisa ili liingie. Sikuliona gumu. Mzee Ruhaga, baba yake Filimoni, alikuwa mtu wa kimya, mkulima, na mimi nilimwona zaidi miguu kuliko uso.

Siku yenyewe nilikuwa likizo. Mama alinituma na kikapu cha unga niende nikawasalimie wakwe, nikawasaidie kupukuchua maharage. Filimoni alikuwa safarini. Nilikaa jikoni na Mama Filimoni, mama mfupi, mnene, mwenye ulimi usio na breki, ananitania juu ya vidole vyangu. "Vidole hivi ni vya kushika kalamu," anasema. "Mwanangu atakula kalamu?" Nje ukungu ulikuwa umeshuka mpaka migomba ikaonekana kama watu waliosimama mbali wakisikiliza. Mvua ikaanza, nyepesi, halafu nzito. Tulimsikia mzee akipita uani kwenda kuwaingiza mbuzi.

Radi ilipiga bila hodi. Sikumbuki mlio. Nakumbuka weupe, kisha kimya cha ajabu, masikio yameziba, na Mama Filimoni mdomo umefunguka mbele yangu anapiga kelele ambazo sizisikii. Tukatoka. Mvua ilikuwa inanyesha bila sauti. Mbuzi mmoja amelala kando ya banda, na karibu yake mzee amelala chali, kandambili moja imeruka mbali. Mvua ilikuwa inamwangukia ndani ya macho na hayafumbi.

Hadi leo huota macho yale, mwanangu. Katika ndoto ni mazuri, hayatishi, yanatazama mvua tu kama ya mtu asiye na haraka.

Majirani wakaja, wakasimama pembeni ya ua. Kwetu aliyepigwa na radi haguswi hovyo. Husemwa radi bado imo ndani yake, inamsubiri wa pili. Hilo mimi sikuliogopa, tulikuwa tumefundishwa kwamba mwili hauhifadhi umeme. Tulifundishwa pia kwamba mtu wa namna hii ndiye anayeweza kurudi ukimwahi. Yote haya nilikuwa nayo kichwani, yamepangwa kama vyombo kabatini. Nilimtazama kifua, hakipandi. Nikajua moyo umesimama na kwamba kila nukuu ya daftari langu inaniambia nipige magoti sasa hivi.

Nami sikupiga magoti. Niligeuka nikamwita Yeremia, mdogo wake mzee, aliyekuwa amefika mbele ya wengine. "Baba mdogo, piga magoti hapo. Weka kiganja katikati ya kifua, kwenye mfupa. Mkono mwingine juu yake. Nyoosha mikono. Bonyeza, halafu achia kifua kiinuke." Masikio yangu yalikuwa yameanza kuzibuka na nikaisikia sauti yangu mwenyewe, imetulia, safi, sauti ya mtihani. Ningepata alama zote. Maskini Yeremia akaweka kiganja juu ya kaka yake kama mtu anayegusa sufuria ya moto, akakitoa, akalia, "Siwezi! Kinanichoma!" Hakikuwa kinamchoma, ilikuwa hofu. Na mimi nikaendelea kusimama palepale nikimfundisha. "Jaribu tena, baba mdogo. Nyoosha mikono."

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Pale ilikuwa inaumiza zaidi ya tumbo.

Mama Filimoni alikuwa amekaa matopeni amekishika kichwa cha mumewe. Akainua uso akanitazama, na sijawahi kutazamwa vile tena maishani.

"Wewe," akasema. "Anayesomea kazi hii ni wewe au ni Yeremia?"

"Mama, huyu ni baba mkwe wangu."

"Mkwe!" Alilitema neno lile. "Heshima gani unamwekea maiti? Mwenzio amekufa huyu, na wewe unampigia makofi ya salamu! Njoo hapa!"

Mwanangu, nisikilize vizuri hapa. Nilijua kilichokuwa kinaningoja pale matopeni. Nikikiweka kiganja changu juu ya kifua kile, sina ndoa. Watu wote waliosimama kwenye ule ua walijua, na Mama Filimoni aliyekuwa ananiita naye alijua. Nilimwona Filimoni akilini anashuka kwenye lori, anacheka, ananinunulia karanga. Nilimwona kabisa. Kisha nikapiga magoti kwenye matope na nikamgusa baba yake.

Sasa sikia ubaya wa mazoea. Mikono yangu ikaenda mahali penyewe, vizuri kabisa, na ikabonyeza kwa adabu. Ikamfanyia mzee kama ilivyomfanyia Bwana Harusi. Kifua hakikushuka hata kidogo. Nilikuwa nimetoa sadaka ya ndoa yangu nzima ili nimpapase mtu!

"Unamkanda?" Mama Filimoni akafoka. "Unamkanda mume wangu?"

Hapo nikapandwa na hasira, na mpaka leo sijui zilikuwa za nani. Labda za mwalimu wangu mwema. Nikajiambia, liwalo na liwe, hapa ni kwenye kinu. Nikanyoosha mikono, nikaleta mabega juu ya viganja, nikashuka kwa uzito wangu wote kama alivyonizaa mama yangu nitwange. Kifua kikashuka, kikarudi, kikashuka. Kisha nikasikia kitu kimevunjika chini ya viganja vyangu, ta! kama kuni kavu. Nikashtuka, nikasita. "Umesimama nini?" mama yule akanikaripia. Wahenga walisema maneno matupu hayavunji mfupa. Basi niliuvunja ubavu wa baba mkwe wangu, nikaendelea.

Nilipoinama kumpulizia pumzi mdomoni, wanawake nyuma yangu wakapiga yowe, wengine wakageuza nyuso zao ukutani. Hata mimi nilifumba macho. Nakumbuka ladha ya mvua na ugoro. Mabega yalipoanza kuchoka, nilimshika Mama Filimoni mikono nikaiweka pale, nikamwonyesha, tukawa tunapokezana, mmoja akitwanga mwingine akimpulizia pumzi, kama tunavyopokezana mchi wanawake wawili kwenye kinu kimoja. Tulikwenda muda gani? Sijui. Ukiniambia nukta chache nitakubali, ukiniambia mchana mzima nitakubali pia. Ukungu ulituzunguka, na nilianza kuona kama mikono ile si yangu tena, ni ya mama yangu, na ya mama yake, inapanda na kushuka tu.

Kisha mzee akavuta pumzi. Pumzi mbaya, yenye kukoroma, kama mlango wa zamani. Akafumba macho yake dhidi ya mvua.

"Imana yanje," Mama Filimoni akasema, akimwita Mungu wake, na akaanza kulia kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Walimbeba kwa machela mpaka barabarani, lori la maharage likamfikisha hospitali ya misheni. Alipopata nguvu ya kuongea, neno lake la kwanza lilikuwa, "Nani kanivunja ubavu?" Wauguzi walicheka hadi wakakaa. Mimi nilisimama nje ya dirisha, sikuthubutu kuingia, na nikamsikia akimsimulia mkewe alikokuwa. Alikuwa shambani, akasema, shamba la maharage lisilo na magugu hata jani moja, na jua halichomi. Anatembea tu. Halafu akasikia mtu anatwanga. Anatwanga vibaya, kwa fujo, bila kupumzika. "Nikasema, ni mwanamke gani huyu asiye na adabu, anatwanga saa hizi? Nikageuka nije nimkanye."

Nimeishi na maneno hayo miaka mingi, mwanangu. Wakati mwingine nikiwa peke yangu hucheka, na wakati mwingine hulia.

Alipotoka hospitali ukoo ulikaa. Hawakukaa kwa ubaya, nataka ulielewe hilo. Walinishukuru kwanza, mmoja baada ya mwingine, wakipiga makofi, hata wazee wenye fimbo. Yeremia alilia mbele za watu. Halafu likaja lile lingine. Mama Filimoni akanitetea kwa ulimi wake wote, akasema ni yeye aliyeniita, kama kuna kosa aadhibiwe yeye. Wote wakamtazama mzee, kwa sababu kifua kilikuwa chake.

Mzee Ruhaga akasema polepole, ubavu ukimuuma kila neno. "Binti huyu alinishika nikiwa sina pumzi akanipa ya kwake. Siwezi kumwita mkwe, mila inakataa. Siwezi kumwita mgeni, roho yangu inakataa. Huyu ni mwanangu wa kumzaa." Akanitazama usoni, kwa mara ya kwanza. "Na wanangu wawili hawaoani."

Nilipata baba siku hiyo, na nilikuwa sina, wangu alifariki nikiwa mdogo. Na nikampoteza Filimoni hapohapo, kwa sentensi moja ya upendo. Filimoni alinifuata hadi nyumbani, akaniambia tutoroke, twende Kibondo, nani anatujua kule? Kibondo nilikwenda, baadaye, kwa ajira yangu ya kwanza, lakini nilikwenda peke yangu. Sikuweza kumrudisha mzee duniani halafu nimnyang'anye mtoto. Niliumia, mwanangu, usidanganywe na kicheko changu. Nililia wodini Kibondo nikijifanya nina mafua.

Filimoni alioa mwanamke mzuri. Na mimi niliolewa na mtu mwema, Mungu amrehemu, na siku ya harusi yangu Mzee Ruhaga alikaa kwenye kiti cha baba, amevaa koti. Watoto wa Filimoni, ambao wangeniita mama, wananiita shangazi. Hunipigia simu sikukuu zote, na mmoja ana kicheko kile cha mlangoni. Mzee aliishi miaka mingi baada ya hapo. Ubavu ulimwuma kila baridi ilipoingia, na kila ulipomwuma alituma mtu aje aniulize kama nimeshiba.

Basi nasaha yangu ndiyo hii, wewe na wenzako. Mtoeni yule mdoli kwenye nailoni. Mbonyezeni mpaka aharibike, na akiharibika semeni Bibi Skola ndiye aliyewatuma, waje wanidai mimi. Bora chuo kibaki bila mdoli kuliko kijiji kibaki bila baba. Mikono haisomi daftari. Mikono inajua kile tu ilichokwisha kufanya, na siku ya dhiki haitafanya kingine hata ukiiomba. Ukiizoeza woga, itakuletea woga mbele ya mtu anayekufa.

Na jingine. Siku hiyo ikija, hutaikuta darasani. Itakuja uani kwa watu, na aliyelala chini atakuwa mtu usiyepaswa kumgusa, shehe, padri, mwalimu wako, baba wa mtu, mwanaume usiyemjua sokoni Kasulu, na wote watakuwa wanakutazama. Heshima si utumwa, nayo ni ya mwenye pumzi. Usisimame mbali ukamfundisha mwingine kile unachokijua wewe. Piga magoti. Watakaokusema, watakusema. Huenda ukapoteza kitu, sikudanganyi, nami nilipoteza.

Watu huniuliza, Bibi, ungerudishwa tena kwenye ule ua, ungefanya nini? Wanadhani nitasema ningemwacha mzee, nikaolewa na Filimoni wangu. Wengine wanadhani nitasema ningefanya vilevile. Hapana. Ningemgusa mapema zaidi. Zile pumzi nilizozitumia kumfundisha Yeremia, nikiwa nimesimama na sauti yangu nzuri, ndizo pekee ninazozijutia.

Nenda, mwanangu. Imana ikutangulie njia zote za vilima hivi, za ukungu na za jua. Iyape mabega yako nguvu na moyo wako ujasiri, na watu utakaowashika wafumbe macho yao dhidi ya mvua, wakasirike, wakuulize ni nani aliyewavunja ubavu.